Ampu ya Valvu Imekufa? Mwongozo Kamili wa Kuitafutia Shida Bila Kuua Valvu Zingine na Bila Wewe Mwenyewe Kuumia

Swali linarudi lile lile kutoka kwa watu wa redio ya hamu huku kwetu, Nakuru, Kisumu, Kakamega, kote: ampu ya valvu, ile inayoongeza nguvu ya redio ya kutuma, imekufa, nianzie wapi? Stima imepotea, imerudi kwa nguvu, ampu ikalia pah! na fyuzi ikaenda. Mtu anaweka fyuzi ingine, inaenda. Anaweka kubwa kidogo, nayo inaenda. Halafu anaamua ni valvu, anaagiza mpya kutoka nje kwa pesa nyingi sana, anangoja wiki kadhaa, anaziweka, anawasha, pah! tena.

Shida ni mpangilio wa kazi. Inawezekana kweli valvu ndio ilianzisha, lakini ile shoti ikipita kwa ampu inaumiza vitu vingine njiani, na hizo ndizo zinangoja valvu mpya. Kwa hivyo hapa tunaanza kwa ukuta, tunaenda pole pole mpaka kwa valvu, na karibu kazi yote tunaifanya plagi ikiwa imetolewa.

Namba nitakazotumia ni za Heathkit SB-220, ile ya valvu mbili za 3-500Z. Kama yako ni Ameritron, Yaesu ama umejijengea, mpangilio ni ule ule, namba tu ndio utatoa kwa kitabu chake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua skrubu hata moja

- Multimita ya dijitali yenye imeandikwa volti 1000 na waya zake ziwe nzima, hazijapasuka
- Fimbo ya kutolea chaji, nitaeleza hapo chini venye inatengenezwa
- Balbu ya waya ndani, wati 100, na kishikilio chake. LED haifanyi hii kazi. Kama dukani hazipatikani jaribu agrovet, zile taa nyekundu za kupasha vifaranga joto zinafanya vizuri, mradi usichukue ya wati kubwa sana
- Dami lodi (mzigo wa kujaribia badala ya antena) ya om 50 yenye inaweza kubeba nguvu ya ampu yako
- Dayodi za 1N5408, nunua nyingi, ni bei ya chini
- Rezista za waya za om 25 mpaka 50, wati 25
- Fyuzi za saizi ile ile iliyoandikwa nyuma ya ampu, sio kubwa zaidi
- Brashi laini, spiriti, na simu ya kupiga picha
- Mtu mwingine ndani ya nyumba, mwenye umemwonyesha meni swichi iko wapi na umemwambia asikushike kabla ajaizima

Hiyo ya mwisho naisema kwa uzito wote. Kama uko peke yako usiku, funga ampu ulale, kesho itakuwa hapo hapo.

## Kwanza uelewe unashika nini

Ndani ya SB-220 zile kapasita nane za mikrofaradi 200 za HT (volti za juu za ampu) zimeungwa kwa sirizi, kwa hivyo jumla ni mikrofaradi 25. Kwa volti 3000 hiyo ni kama jouli 112 zimelala hapo zikingoja. Ikipitia kwa kifua inatosha kusimamisha moyo, na hazijali kama plagi iko kwa ukuta ama iko kwa meza. Fundi mzuri wa TV anaweza kuwa hajawahi kukutana na kitu kama hii, usimpelekee tu bila kumwambia.

Fimbo ya kutolea chaji. Chukua paipu ya PVC kavu, urefu wa mkono. Mbele weka ndoano ya shaba. Kutoka kwa ndoano unganisha rezista ya waya ya kilo-om 5, wati 50, kisha waya laini mnene mpaka klipu ya kubana chasi. Usitumie mti, mti ukiwa na unyevu unapitisha.

Ukigusa kupitia rezista chaji inashuka polepole bila mlipuko. Kugusa moja kwa moja na bisibisi venye wengine wanafanya kunaweza kuharibu kapasita na dayodi zenye zilikuwa nzima, na unajipa kazi mpya.

## Hatua ya 1: Toa plagi, ngoja, hakikisha

Toa plagi kabisa kwa soketi na uiweke mahali unaiona. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Toa pia waya ya antena, haswa kama wewe ni wa Kericho, Kisii ama Kakamega mahali radi ya saa tisa ni ya kawaida.

Ngoja dakika tano. Rezista za blida (zile za kumwaga chaji ya kapasita) zikiwa nzima chaji inakwisha ndani ya nusu dakika hivi, lakini blida ikikatika hiyo hesabu haifanyi kazi tena.

Fungua kifuniko, mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo, gusa HT kwa fimbo, hesabu mpaka kumi. Baadaye weka waya ya klipu moja kwa moja kati ya HT na chasi na uiache hapo wakati wote unafanya kazi, juu kapasita kubwa ina tabia ya kujirudishia chaji kidogo hata baada ya kumwagwa.

Sasa hii ndio watu wengi hawajui: pima kila kapasita peke yake. Blida ya kapasita moja ikikatika, zile saba zingine zinajimwaga vizuri na hiyo moja inabaki na volti mia kadhaa, na mita ya mbele inaweza kukudanganya kwamba yote yameisha.

*Iko sawa kama:* kila kapasita inasoma chini ya volti moja mbili.

## Hatua ya 2: Angalia, nusa, piga picha

Piga picha kila pembe kabla hujagusa waya, utazihitaji ukianza kurudisha.

Tafuta alama nyeusi za cheche, kapasita imevimba ama imetoa maji, rezista imebadilika rangi, waya imeungua ngozi. Nusa karibu na transfoma, harufu ya vanishi iliyochomeka haifichiki.

Halafu safisha. Nakuru tuko kama mita 1850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, iko kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na hewa nyepesi inaruhusu cheche kuruka kirahisi zaidi na pia inabeba joto kidogo. Ukiongezea vumbi letu la kiangazi juu ya pengo lenye lilipimwa kwa hewa nzito, hapo ndio ampu inaanza kupiga cheche bila sababu yenye unaiona. Kisumu hewa ni nzito kiasi lakini kuna unyevu, na wale wadudu wa ziwa wanaofuata taa wanaingia mpaka ndani ya feni. Mjusi pia, huyo akikauka kati ya HT na chasi anaacha njia ya mkaa yenye lazima ikwanguliwe yote, ukipangusa juu juu itarudi.

Feni izungushe kwa kidole. Ikiwa nzito, safisha na utie mafuta tone moja, ama ubadilishe.

## Hatua ya 3: Blida na kapasita

Pima kila blida kwa om. Kwa SB-220 ni kilo-om 30 kila moja. Zenye zimepanda sana ama zimekatika badilisha, na ukibadilisha moja kwa sababu ya uzee badilisha zote nane.

Sababu ni hii: hizo rezista hazimwagi chaji tu, zinagawa volti sawa kwa kila kapasita. Kwa volti 3000 kila kapasita inabeba 375 na imeandikwa mwisho 450, hakuna nafasi kubwa hapo. Blida moja ikipanda, kapasita yake inabeba zaidi ya wenzake, inapasuka, halafu saba zilizobaki zinabeba mzigo wa nane na zinafuata.

Siku hizi wengi wanaweka kilo-om 100 za wati 3, zenye zimeruhusiwa volti 500 ama zaidi. Hazichomi kapasita kwa joto venye zile za zamani zilifanya. Mimi naona ni badiliko zuri, ila ujue chaji sasa inakwisha polepole zaidi, zile dakika tano usizipunguze.

Kapasita nazo toa waya upande mmoja upime kwa mita ya kapasita kama unayo. Kama hauna, weka om ya juu: inaanza chini na inapanda polepole. Ikikwama chini ni shoti. Hii kipimo cha om hakikwambii kama itavumilia volti 400, kwa hivyo kapasita za umri wa miaka thelathini zenye zimevimba hata kidogo usizihurumie, na zikibadilishwa zibadilishwe zote za aina moja.

## Hatua ya 4: Dayodi

Dayodi zikienda huwa zinaenda kwa shoti, na mara nyingi sio moja. Pima moja moja, sio mstari mzima, juu mita ya kawaida haina nguvu ya kupenya dayodi saba kwa sirizi na itakudanganya zote zimekatika.

*Iko sawa kama:* upande mmoja 0.5 mpaka 0.7, upande mwingine hakuna kitu. Kama kuna rezista sambamba toa mguu mmoja kwanza.

Ukipata hata moja mbovu badilisha mstari wote na 1N5408. Kila moja inabeba volti 1000, na hizo zingine zilibeba mzigo wa mwenzao dakika ile, huwezi jua zimebaki na nguvu gani.

## Hatua ya 5: Mahali shoti ilipita ikirudi nyumbani

Hii hatua inarukwa na karibu kila mtu, na ndio inafanya ampu "iliyotengenezwa" ikatae.

HT ikipiga cheche kwa chasi, ile stima lazima irudi kwa upande hasi wa kapasita. Kwa ampu nyingi upande hasi haujafungwa moja kwa moja na chasi, umepita kwa virezista vidogo vya mita ya gridi (wavu ndani ya valvu) na pleti (bamba ya nje inayopokea HT). Fikiria mamia ya ampea yanapita hapo kwa sekunde ndogo. Virezista vinakatika, zena ya bayasi (dayodi inayopanga valvu ipitishe kiasi gani ikipumzika) inashika shoti ama inafunguka, koili ya mita inaungua.

Pima hivi:

- Zena ya bayasi, kwa SB-220 ni ya volti 5.1. Ikiwa shoti, stima ya pleti (ampea zake) bila kuongea itakuwa juu kuliko kawaida. Ikiwa imefunguka, ampu haitatoa nguvu kabisa na utadhani valvu zimechoka, na watu wametupa valvu nzima kwa sababu ya hii dayodi.
- Virezista vya mita, linganisha na mchoro
- Kutoka upande hasi wa HT mpaka chasi, lazima kuwe na njia ya om chache. Kukiwa hakuna, usiwashe, juu mita na waya zenye unadhani ni salama zitakaa juu ya HT yote.

Ukiwa hapo ndani ongeza kinga mbili. Ya kwanza, 1N5408 mbili zikiangaliana kinyume kati ya upande hasi na chasi, ili shoti ipitie kwa dayodi badala ya mita. Ya pili, rezista ya waya ya om 25 ama 50 kwa njia ya HT kabla ya choki ya pleti (ile koili inayopeleka HT kwa valvu). Kwa volti 3000 na om 25 stima haiwezi kupita ampea 120 hata cheche iwe kubwa namna gani, na wakati unaongea kawaida inakula volti chache tu.

## Hatua ya 6: Valvu, zikiwa zimetolewa

Toa kwa mikono miwili, nyooka juu, usizungushe. Kofia ya pleti iwe imelegezwa kwanza, kioo cha juu kinapasuka kirahisi sana.

Kwa 3-500Z pini 1 na 5 ni filamenti (waya ya ndani inayopata moto), 2, 3 na 4 ni gridi.

*Iko sawa kama:* filamenti ni chini ya om moja. Gridi kwa filamenti hakuna kitu. Pleti kwa pini yoyote hakuna kitu.

Ukipata shoti kati ya gridi na filamenti, hiyo valvu imekwisha, wala usiirudishe ujaribu bahati. Lakini kipimo cha baridi hakimalizi mambo. Filamenti ikipata moto inalegea na inaweza kugusa gridi hapo tu, na gesi ndani ya kioo haionekani kwa multimita.

Kama ampu yako inatumia valvu za 811A, zenye mng'ao wa fedha ndani ya kioo uangalie. Ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia.

Ziweke kando kwa kitambaa. Hatua inayofuata hatuzihitaji.

## Hatua ya 7: Kuwasha na balbu kwa sirizi

Mafundi wa jua kali wanaijua hii vizuri. Balbu unaiweka kwa sirizi na waya ya laivu, kabla ya ampu. Kukiwa na shoti balbu inawaka yote na ampu haiumii.

Kabla ya hapo hakikisha waya za transfoma zimepangwa kwa 240. Ampu ya Marekani mara nyingi ina koili mbili za 120 na huku lazima ziwe kwa sirizi. Imenunuliwa kwa mtu? Usiamini maneno, fungua uangalie.

Kumbuka balbu haikulindi wewe. HT bado itapanda mpaka volti elfu na zaidi. Toa ile waya ya klipu, funga kifuniko, halafu ndio uwashe. Ampu zingine kifuniko kikitoka kuna bati inashikisha HT na chasi, ukiwasha hivyo unajiletea shoti upya.

Mita usiishike mkononi. Ampu ikiwa imezimwa na imemwagwa, unganisha waya mbili kwa kapasita ya chini kabisa, ile ya upande hasi, zitoe nje kwa mwanya zisibanwe na bati, funga, washa, soma. Kapasita hiyo moja ikisoma sehemu ya nane ya mita ya mbele, kama 375 kwa 3000, mgawanyo uko sawa. Weka swichi kwa CW (hali ya Morse) kwanza, hapo HT ni ya chini.

*Iko sawa kama:* balbu inawaka sana sekunde moja hivi kapasita zikijaa, halafu inafifia inabaki na wekundu kidogo, juu blida na feni zinakula.

*Ikibaki inawaka yote:* zima, toa plagi, mwaga, pima. Kisha toa waya za HT za transfoma kutoka kwa dayodi, funika kila ncha vizuri na uziweke mbali na chasi, jaribu tena. Ikififia sasa, shida iko kwa dayodi ama kapasita, rudi hatua ya 3 na ya 4. Isipofifia iko upande wa ukuta: mpangilio wa 120 na 240, varista (kinga ya stima ikipanda) yenye imeshika shoti wakati stima ilirudi kwa nguvu, feni, ama transfoma yenyewe. Varista ikatwe kwanza, ni ya bei ya chini na ndio mara nyingi.

Balbu ikiwa sawa, itoe, weka fyuzi sahihi, washa bila valvu na uache nusu saa ukisikiliza.

## Hatua ya 8: Filamenti

Rudisha valvu lakini HT iwe imetolewa na ncha zimefunikwa. Balbu isiwepo, juu filamenti mbili za volti 5 na ampea 14.5 zinakula wati 145 na balbu itawaka hata kila kitu kikiwa sawa.

Pima volti kwenye pini za soketi, waya ziwe zimeunganishwa kabla ya kuwasha kama tulivyofanya. Inatakiwa kati ya 4.75 na 5.25. Hapa ndio mambo ya stima yetu yanaingia: transfoma imepangwa kwa 220 na kwako usiku ukuta unasoma 245, filamenti inapata 5.57, na valvu za bei hiyo zinazeeka mbio. Hamisha waya kwa tepu (sehemu ya kuunganishia ya transfoma) ya 240 kama iko. Kama haiko, tafuta transfoma ndogo ya kushusha.

Valvu zilizokaa stoo miaka, hata kama ni mpya kwa boksi, ziache na filamenti pekee masaa kadhaa kabla ya kuona HT, usiku mzima ni vizuri zaidi, feni ikizunguka. Gesi kidogo inakusanyika ndani zikikaa, na ukizipiga na volti 3000 siku hiyo hiyo ndio ile pah! ya pili.

## Hatua ya 9: HT na valvu pamoja

Unganisha HT, funga, dami lodi kwa soketi ya antena, swichi kwa CW, redio isitume kitu.

Washa. Bila PTT (kitufe cha kutuma) stima ya pleti iwe sifuri. Ikisogea, valvu moja ina shida ama bayasi ya kuzima haifiki, na unaweza kutoa valvu moja moja kujua ni gani.

Bonyeza PTT bila kuongea. Stima ya kupumzika ionekane venye kitabu kinasema na itulie. Ikipanda yenyewe polepole achilia mara moja. Ikirukaruka ukizungusha kapasita ya tuni, ampu inajitetemesha kwa masafa ya juu, na hapo pima vile virezista vya kaboni vilivyo ndani ya koili ndogo juu ya pleti, vimepanda.

## Hatua ya 10: Kutoa nguvu

Kabla ya hii zima tena, mwaga, pima kitu kimoja: kutoka katikati ya soketi ya antena, rilei ikiwa upande wa kutuma, mpaka chasi. Usome om chache mpaka makumi, hiyo ni choki ya usalama. Hii ndio inazuia HT isiende kwa antena yako ile kapasita ya kuzuia ikipasuka. Isipokuwepo weka moja ya milihenri 2.5. Waya ya antena inapita nje mahali watoto wanacheza.

Angalia pia bendi swichi. Meno yaliyoungua ni ishara ya kubadilisha bendi ukituma, ama kutuma bila antena.

Anza na wati 10 kutoka kwa redio, 14 MHz. Zungusha tuni mpaka stima ya pleti ishuke kabisa na nguvu ipande, kisha kapasita ya lodi (sio dami lodi), kisha tuni tena. Ongeza polepole. Gridi ikipanda sana na pleti iko chini, lodi haijafunguka vya kutosha, usikae hapo zaidi ya sekunde chache.

*Iko sawa kama:* kushuka kwa pleti na kilele cha nguvu vinakutana karibu mahali pamoja, pleti za valvu zote mbili zina rangi ya kufanana, na HT inashuka kiasi ukituma na inarudi palepale ukiachia.

Moja ikiwa nyekundu na nyingine nyeusi, ubadilishane mahali. Wekundu ukifuata valvu, shida ni valvu, na sasa ndio unaweza kuagiza mpya ukiwa na uhakika. Wekundu ukibaki kwa soketi ile ile, kwangua pini na klipu za soketi ya upande mweusi, huenda filamenti ya huko haipati volti zake.

Ukimaliza acha feni izunguke dakika tano na filamenti zimewaka bila kutuma, halafu ndio uzime, utoe plagi na antena.